Seneta Aliyefundishwa Utani

1

Bangili ilizidi kutetemeka mkononi mwa Nakundwa Mbwambo akiwa anakoroga makande, na kwa kuwa ilikuwa ikitetemeka tangu Jumatatu bila kuchoka, akaisukuma juu hadi karibu na kiwiko, akaendelea kukoroga.

"Mama Nanzia," sauti nzito ikaita kutoka sebuleni. "Naona bangili inakuambia nimepotoka tena."

"Umesema nini safari hii?"

"Sijasema. Nimewaza tu. Nimewaza kwamba Gavana Ostrander ana akili."

Nakundwa akauweka mwiko chini. Kuna maneno ambayo mtu hapaswi kuyasikia akiwa ameshika kitu cha moto.

"Hebu rudia," akasema, akitokeza mlangoni.

"Ana akili," akarudia Seneta Dale Prewitt, ambaye hakuwa Seneta Dale Prewitt. "Kiburi anacho. Sauti ya mlango usiotiwa mafuta anayo. Lakini kuhusu wodi ya wazazi, mwanamke yule ana akili, na mimi nimekuwa mjinga."

Haya. Sasa mtu afanye nini na seneta wa namna hiyo?

Seneta mwenyewe, yule wa nyama na damu, wakati huo alikuwa huko majimbo ya kusini akibusu watoto wa watu na kuutafuta urais wa Marekani. Huyu aliyekaa kwenye sofa la Nakundwa, katika mji mdogo wa Kessel Grove, jimbo la Iowa, alikuwa nakala yake. Chama kilikuwa kimeona mbali: wagombea ni wengi, mitaa ni mingi, theluji ni nyingi, na watu wa Iowa hawampi mtu kura kabla hajaingia ndani ya nyumba zao. Basi kila mgombea akatengenezewa nakala. Ubongo wa mashine ulilishwa hotuba zake zote, kura zake zote za bungeni, mahojiano yake yote, hata namna anavyokohoa kabla ya kukwepa swali. Ubongo huo ukatiwa kwenye kiwiliwili cha plastiki chenye rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na uso wa skrini, na feni kifuani ya kupoza joto. Nakala zikasambazwa kwa wafuasi zikae nao majira yote ya baridi, zijifunze shida za mtaa, kisha siku ya mkutano wa uteuzi zisimame mbele ya watu na kubishana na nakala za wapinzani.

Neno la nakala halimfungi mwenyewe. Sheria ilisema hivyo waziwazi na kila mtu aliijua, kama kila mtu anavyojua kwamba kuku wa kwenye tangazo siye atakayeletwa mezani. Lakini nakala nayo haikuruhusiwa kumsingizia mwenyewe. Ikianza kuwa na mawazo yake, bangili ya mlezi hutetemeka, na mlezi, aliyekula kiapo kwa mkono ulioinuliwa, anabonyeza kitufe kabla kura hazijahesabiwa. Hapo nakala inarudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Yote iliyojifunza yanafutika.

Nakundwa hakuwa amebonyeza hata mara moja.

Tatizo lilianzia kwenye malezi. Maelekezo yalisema nakala iwekwe karibu na soketi, izungumzishwe siasa saa moja kwa siku, kisha izimwe. Izimwe! Mgeni aliyetoka Washington asimamishwe pembeni kama jokofu? Nakundwa alimkalisha sebuleni, ambako kila alipogonga kiti kwa magoti yake yaliyokakamaa alikiomba radhi. Asubuhi alimuuliza ameamkaje. Mchana alimwekea sahani, akamkaribisha, kisha akaila mwenyewe, lakini kukaribishwa alikaribishwa. Mwanzoni Seneta alikuwa akiulizwa habari za asubuhi anatoa hotuba kuhusu uchumi. Ilipofika Krismasi alikuwa anajibu "salama tu, sijui ninyi," na bangili ilikuwa imeanza kuwasha taa.

Na msidhani Nakundwa alimchukua Prewitt kwa sababu ya sera. Sera! Alimchukua kwa sababu nyumba ya pili aliishi Elifuraha Tarimo, Mchaga wa Marangu, na Tarimo alikuwa ameshajiandikisha kuwa mlezi wa nakala ya Gavana Corinne Ostrander. Nakundwa ni Mpare wa Usangi. Tangu lini Mpare akasimama upande mmoja na Mchaga mbele za watu? Aliuliza ni mgombea gani anayegombana zaidi na huyo Gavana kwenye televisheni, akaambiwa Prewitt, akasema mleteni.

Kila Jumamosi Tarimo alikuja, akimvuta Gavana wake juu ya kile kitelezi cha watoto cha kuchezea kwenye theluji, ili eti asimalize betri kwa kutembea.

"Hodi! Kuna watu humu, au wote mko mahakamani?"

"Karibu, mtani. Kanyaga polepole, na kapeti usiliangalie hivyo, haliuzwi."

"Nimesikia harufu ya makande toka kanisani. Nikasema, masikini, Wapare wamepika tena kile walichopika jana."

"Na wewe umekuja kula tena kile ulichokula jana. Kaa chini."

Mara ya kwanza Seneta aliposikia mazungumzo hayo aliuliza kama aite polisi. Ilibidi Nakundwa amweleze kwamba huyu ni mtani wake, ana ruhusa ya kumtukana.

"Ruhusa kwa sheria ipi?"

"Sheria ya mababu. Wachaga na Wapare ni watani: wao wanatutania kwa kupenda kesi, sisi tunawatania kwa kupenda biashara. Anasema lolote, mimi sikasiriki. Nikikasirika, nimeshindwa."

"Mimi nimefundishwa kwamba unamtukana mpinzani ili aanguke."

"Wee! Ukimtukana mtani, ujue akipata shida wewe ndiye wa kwanza kwenda. Vinginevyo hayo ni matusi tu."

Na kweli siku hiyohiyo Tarimo, baada ya kusema kwamba gari la Nakundwa linafanana na ushahidi wa kesi ya zamani, alichukua koleo akatoka nje, akalichimbua kwenye theluji mpaka jasho likamtoka. Seneta alimtazama kupitia dirishani muda mrefu. Feni ya kifuani ilizunguka kwa nguvu.

Hayo ya utani yangevumilika. Yasiyovumilika yalikuwa ya wodi. Seneta mwenyewe alikuwa na muswada wake wa kufunga wodi ndogo za wazazi katika hospitali za miji midogo, na nakala yake ilikuja Kessel Grove ikiuhubiri muswada huo kwa ufasaha wa ajabu. Gavana Ostrander, kwa upande wake, alikuwa ameshatia sahihi sheria ya kuzilinda wodi hizo jimboni kwake. Hapo hapakuwa na utata. Sasa, Nanzia, binti pekee wa Nakundwa, alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Januari walimpeleka hospitali ya mji, Seneta akiwa amembebea mkoba. Nesi akawaonyesha barabara ya kwenda hospitali ya mbali ambako akina mama wangepelekwa wodi ikifungwa. Nyeupe tupu. Malori mawili yalikuwa yamelala ubavu.

Seneta alirudi nyumbani ameukumbatia ule mkoba. Kesho yake bangili ikaanza kutetemeka na haikuacha tena.

"Kesho ni mkutano," Nakundwa akamwambia sasa, akikaa kwenye mkono wa sofa. "Nakuomba useme yale ya mwenyewe."

"Nikisema ya mwenyewe, nitakuwa nimemgeuka Nanzia."

"Na ukisema ya kwako?"

"Nitakuwa nimewadanganya wengine wote. Watadhani nitakayesema ndiye nitakayetawala." Feni ikazunguka, ikazunguka. "Mama Nanzia, hapo sina hotuba."

Nakundwa alirudi jikoni. Makande yalikuwa yameshika chini.

2

Iowa hawapigi kura ya uteuzi kama watu wengine. Wanaingia ukumbini, kila mgombea anapewa pembe yake, na unayemtaka unamfuata kwa miguu mpaka kwenye pembe yake, jirani zako wote wakikuona. Kundi likiwa dogo mno linavunjwa, na watu wake wanabembelezwa waje huku au waende kule. Watanzania wa Kessel Grove waliupenda utaratibu huu kuliko wenyeji, maana ni mkutano wa ukoo kabisa, tofauti ni kwamba hakuna soda.

Ukumbi wa michezo wa shule ulikuwa umejaa. Mwenyekiti, Bi. Dykhuis, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu waliokuwemo, alikuwa na kengele ya mkononi, na uso wa mtu ambaye bado anaweza kukuweka nje ya darasa. Nakala za wagombea wadogo zilizungumza, hazikupata watu, zikavunjwa. Moja ilienda kujichomeka chaji yenyewe kwa aibu. Wakabaki wawili.

"Gavana Ostrander ataanza," akasema Bi. Dykhuis. "Nawakumbusha kwamba matusi hayaruhusiwi, ingawa najua kila mwaka nasema hivyo bure."

Gavana wa plastiki akainuka. Na huyu naye kumbukeni alilelewa na nani.

"Ndugu zangu," akaanza, "mtazameni vizuri huyu mwenzangu. Si anafanana na mtu aliyekuja kuomba kazi ya ubawabu, wakampa useneta kwa bahati mbaya?"

Bi. Dykhuis akainua kengele.

"Ahsante, mtani," akajibu Seneta. "Mimi angalau niliomba. Wewe ulikuja kuuza vyerehani, ukakuta kiti cha ugavana kiko wazi, ukauliza bei."

Mzungu mmoja mwenye kofia ya kampuni ya mbegu ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kofia ikadondoka. Mkewe akamfinya, kisha akaanza yeye. Mwisho ukumbi mzima ulikuwa unacheka, Wakongo wa kiwanda cha nyama, Wamexico wa duka la mikate, wakulima na wake zao, na kengele ya Bi. Dykhuis ikabaki hewani haijalia. Hawa ni watu ambao tangu utoto wamewasikia wagombea wakiitana tishio kwa taifa. Hawakuwahi kuona wawili wakitukanana huku wanasogezeana kiti.

"Endelea, nakusikiliza," akasema Gavana, "japokuwa ukizungumza najisikia niko kwenye foleni ya benki."

"Kule ndiko kwenu, usijifanye mgeni."

Tarimo alikuwa anajipiga mapaja. Nakundwa naye, Mungu amsamehe, aliona fahari. Huyu mtoto kamlea yeye.

Kisha Bi. Dykhuis akasoma swali lililoletwa na watu wengi kuliko yote, la wodi ya wazazi.

"Hapo," akasema Seneta, "naomba utani usimame kidogo."

Bangili ikaruka mkononi mwa Nakundwa.

"Mtani wangu yuko sahihi. Miezi yote nimesema wodi ifungwe. Nilikuwa sijaiona barabara. Sasa nimeiona, nikiwa nimebeba mkoba wa binti wa watu, na aibu niliyoipata siwezi kuieleza. Nilikosea. Wodi ibaki."

Alikaa. Hakuna aliyepiga makofi kwanza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia mwanasiasa akisema neno lile, na walikuwa wanangoja amalizie na neno "lakini". Hiyo "lakini" haikuja. Basi wakasimama. Makofi yalipasua ukumbi, na baada ya makofi, miguu ikaanza.

Walitoka kila upande kuja pembe ya Prewitt. Walitoka hata pembe ya Ostrander! Mzungu mwenye kofia alikuja na mkewe. Wakongo walikuja kwa kundi, wakiimba.

"Mtani!" Tarimo akapiga kelele, akikimbia huku na huku kuzuia watu wake kwa mikono. "Mpare wewe! Unaniibia mchana kweupe!"

"Nikushitaki wewe au unishitaki mimi?" Nakundwa akamjibu kwa sauti, na moyo wake ulikuwa mtamu, mtamu kabisa. Kumshinda Mchaga, tena kwa kura, tena mbele ya kijiji! Angepiga simu Usangi asubuhi.

Ndipo akamwona Nanzia. Alikuwa anakatisha katikati ya ukumbi polepole, mkono mmoja mgongoni na mwingine tumboni, anatabasamu, anakuja kumpa kura yake mtu atakayeilinda wodi yake. Akafika, akasimama kando ya mama yake.

"Sikujua Seneta wako ni mtu mwema hivi, mama," akasema.

Utamu wote ulimkauka Nakundwa mdomoni. Alihisi kama amemuuzia mwanawe dawa isiyo na kitu ndani.

3

Kabla ya kuhesabu huwa kuna mapumziko ya chai. Nakundwa akamshika Seneta mkono akamvuta hadi kwenye stoo ya mipira, akafunga mlango.

"Yule mwenyewe amebadili mawazo?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Mama Nanzia, yule hajui kama Kessel Grove ni mji au ni dawa ya kikohozi. Kesho kutwa anaupeleka muswada."

"Kwa hiyo hawa wote waliosimama pale..."

"Wananichagua mimi. Watampata yeye."

Nakundwa akakaa juu ya furushi la magodoro ya mazoezi. Nje walisikika watu wakicheka, bado wanarudia ile ya vyerehani.

"Nikibonyeza?"

"Nitatoka humu nikiwaambia wodi ifungwe, tena nitasema vizuri sana. Wewe nitakuita ndugu mpiga kura. Nanzia sitamjua."

"Na nikinyamaza tu? Niseme ukweli, nimelifikiria. Tunashinda. Tarimo anafyata mkia mpaka Pasaka."

"Mnashinda," Seneta akakubali. "Kisha wodi inafungwa, na waliofunga ni ninyi."

Hilo ndilo Nakundwa aliloogopa kulisema, akalitoa yeye mwenyewe, yule wa plastiki. Nakundwa alimtazama kwa hasira. Ni nani aliyemfundisha kuwa mkweli kiasi hiki? Angemzima kila siku baada ya saa moja kama walivyoelekeza, leo asingekuwa na la kumlilia.

"Kuna haki ya kumwita mwenyewe," Nakundwa akasema. Mlezi mwenye mashaka na nakala yake aliruhusiwa kudai mwenyewe aje ajibu mbele ya mkutano, papo hapo, kwenye skrini. Haikuwahi kutumika. Ni mfuasi gani anayeanzisha kesi dhidi ya mgombea wake mwenyewe?

Mpare, ndiye.

"Ukimwita atakuamuru ubonyeze," Seneta akasema.

"Najua."

"Na utabonyeza."

"Niliapa, mwanangu. Nikivunja kiapo, na mimi nina tofauti gani naye?" Akamrekebisha tai, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Unaogopa?"

Seneta akasikiliza kifua chake. "Kuna kitu kinazunguka humu. Sijui kama ni woga au ni feni."

Nakundwa akacheka, na kucheka kukamuuma. Akafungua mlango.

4

Bi. Dykhuis alisikiliza dai, akavua miwani, akaivaa tena. "Bi. Mbwambo, unaelewa kwamba unashinda?"

"Naelewa, mwalimu. Mwite."

Skrini kubwa juu ya goli la kikapu ikawaka. Akaonekana Seneta Prewitt wa nyama na damu, ana poda nusu ya uso, kitambaa kimechomekwa kwenye kola, na shavu moja limejaa mkate.

"Nani?" akasema kwa mtu asiyeonekana. "Wapi? Kessel nini?" Kisha akameza, na tabasamu la kwenye mabango likapanda. "Marafiki zangu wa Kessel Grove! Nawakumbuka sana!"

"Mheshimiwa," Nakundwa akasema, amesimama katikati ya ukumbi peke yake, "mimi ndiye mlezi wa nakala yako. Nina swali moja tu. Wodi yetu ya wazazi ukipata urais, itabaki au itafungwa?"

"Swali zuri mno. Mimi mwenyewe nilizaliwa na mama..."

Watu wakaangaliana.

"Na mama zetu wanastahili huduma ya kisasa, yenye..." Akakohoa.

"Hapo anakwepa," akasema nakala. "Namjua. Kikohozi hicho ninacho na mimi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kwenye skrini Seneta akakunja uso. "Nani huyo?"

"Ni wewe, mtani. Wewe uliyekaa na watu. Usiogope, jibu tu, hapa hawaumi. Ukisema ukweli, mimi nitakuwa wa kwanza kukuchimbulia gari."

Mtani mzuri hapo angecheka. Na huyu angecheka tu, akasema chochote cha kibinadamu, nusu ya ukumbi ingemsamehe. Lakini huyu hakuna aliyewahi kumlea. Alinyofoa kitambaa shingoni.

"Mashine hiyo ni mbovu! Inazungumza nini na watu? Muswada ni wangu, nimeuandika mwenyewe, wodi zote ndogo zinafungwa, zote, na hakuna kifaa cha plastiki kitakachonibadilishia..."

Mkono wa mtu ukapita mbele ya kamera. Alikuwa amechelewa.

"Bibi," akasema Seneta, sasa kwa sauti ya chini, "una kitufe. Kibonyeze."

Kila mtu alimtazama Nakundwa. Nanzia alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nitakibonyeza," Nakundwa akasema. "Kwa sababu niliapa mbele ya watu hawa. Si kwa sababu umeniamuru wewe. Wewe nimeshamalizana nawe."

Akamgeukia yule wa plastiki. Akamrekebisha tai kwa mara nyingine.

"Bonyeza, mama," akamwambia. "Wameshamsikia. Na ahsante kwa kunikaribisha chakula kila siku na huku unajua sili."

"Kila siku nilidhani labda leo utajaribu," Nakundwa akasema, akabonyeza.

Uso wa skrini ukawa mweupe. Feni ikasimama, ikaanza upya, mwendo mwingine kabisa. Kisha likaja lile tabasamu la kwenye mabango.

"Habari za jioni, wananchi wenzangu! Naitwa Dale Prewitt, na nimekuja kuwaambia bila woga kwamba wodi ndogo ni mzigo kwa mlipa kodi."

Alisema vizuri sana. Yule wa zamani alikuwa amemwambia hivyo kule stooni.

Nanzia ndiye aliyetoka wa kwanza, mkono mgongoni, akavuka kwenda pembe ya Ostrander bila kugeuka nyuma. Wakafuata Wakongo, safari hii hawaimbi. Wakafuata mzungu mwenye kofia na mkewe. Pembe ya Prewitt ikabaki na viti, na Nakundwa, na Seneta akihutubia viti.

"Ndugu mpiga kura," akamwambia, akimnyoshea mkono. "Naweza kutegemea kura yako?"

"Hapana, mwanangu," akasema Nakundwa. Akaupokea mkono ule, akautikisa, akauachia.

Ukumbi ule si mkubwa, lakini aliona haufiki mwisho. Mbele yake, kwenye pembe ya Gavana, alisimama Tarimo. Watanzania wote walikuwa wanamtazama Tarimo. Mpare kuja kwa miguu yake mwenyewe kusimama nyuma ya Mchaga! Mtani hupata nafasi kama hii mara moja, na wajukuu wanasimuliwa.

"Haya, sema," Nakundwa akamwambia, kidevu juu, macho yamejaa. "Yaseme yote leo, niyasikie mara moja yaishe."

Tarimo akatazama kule kwenye viti vitupu, akamtazama tena mtani wake. Kisha akanyoosha mgongo, akatoa tumbo mbele, akaanza kutembea kwa magoti yaliyokakamaa, akikigonga kiti cha kwanza makusudi. "Samahani, mheshimiwa kiti," akasema kwa ile sauti nzito. Akagonga cha pili. "Samahani, nawe una haki zako."

Alikuwa yeye kabisa, Seneta wa sebuleni, mwendo na sauti. Wenyeji hawakuelewa. Watanzania walielewa mara moja, maana kwao mtu akifa, watani ndio wanaoingia msibani na kumwigiza marehemu alivyokuwa, mpaka mfiwa acheke atake asitake. Gavana wa plastiki naye akadakia kwa nyuma: "Marehemu alikuwa mbishi, lakini mimi ndiye niliyembishia." Nakundwa akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yakimshuka hadi kwenye kanga, Nanzia amemshika kiuno, na Tarimo akaendelea kuviomba radhi viti.

Kule ng'ambo Seneta mpya akakatiza hotuba yake.

"Samahani," akaita. "Mnacheka nini huko? Kuna jambo limetokea?"

Nakundwa akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Tunazika, Mheshimiwa," akamjibu. "Karibu ukae."